Simu Ikilia, Ipokewe na Nani? Mwongozo wa Namba na Vitufe vya Pamoja Ofisini

Ofisi nyingi hununua simu za mezani nzuri, zenye safu ya vitufe pembeni mwa kioo, kisha vitufe vile hukaa vitupu mpaka simu inachakaa. Simu ya mteja inalia kwenye meza ya mtu aliyekwenda kula. Wenzake watatu wanaisikia, hakuna anayejua namna ya kuivutia kwake, na mteja anakata na kumpigia mshindani wenu. Mtambo haujapungukiwa na kitu. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa nao nusu siku akaupanga. Ninamwandikia mtu huyo: fundi wa kompyuta wa ofisi, au karani aliyekabidhiwa nywila ya mtambo kwa kuwa ndiye "anayeyajua mambo haya".

Nitatumia mtambo wa Asterisk unaosimamiwa kupitia kurasa za FreePBX. Asterisk ni programu huria. Ilianzishwa na Mark Spencer huko Alabama, Marekani, mwaka 1999, kwa sababu kampuni yake changa haikuweza kumudu bei ya mtambo wa simu, naye akaamua kujiandikia wake. Ofisi ndogo ya kwetu iko katika hali ileile, ndiyo maana ninauchagua huu. Majina ya menyu nitakayoyataja ni ya FreePBX. Mitambo mingine ina majina yake, lakini kazi ni ileile.

Na tuchukue ofisi ya wakala wa forodha jijini Dar es Salaam yenye watu tisa: mmoja mapokezi, makarani watatu wa nyaraka, wahasibu wawili, wawili wanaoshinda bandarini, na mkurugenzi.

Karatasi kwanza

Usiguse mtambo bado. Andika namba za ndani kwenye karatasi: mapokezi 200, nyaraka 211 hadi 213, uhasibu 221 na 222, bandari 231 na 232, mkurugenzi 240. Zote zinaanza na 2, na kuna sababu. Tanzania, 112 ni ya polisi na 114 ni ya zimamoto. Ukimpa karani namba 112, siku ya hatari mtu atakayepiga polisi ataliza simu kwenye meza ya karani. Kenya wana 999 pia. Basi usianzishe namba za ndani kwa 1 wala kwa 9. Sifuri iache, kwa kuwa namba za nje zinaanza nayo. Za sabini na kitu tutazihitaji baadaye kwa kazi nyingine, na za mia sita tuziweke akiba kwa makundi.

Kisha jibu maswali yenyewe. Simu ya nje inaanza kwa nani? Asipoipokea, baada ya sekunde ngapi iende kwa nani? Wahasibu wote wawili wakiwa benki, mteja anayeuliza ankara yake aangukie wapi? Majibu yaandike ukiwa umekaa na wahusika, usiishie kwa mkurugenzi peke yake. Karani ambaye hakuulizwa, akiletewa simu zisizo zake, atapunguza sauti ya mlio mpaka mwisho, na hapo mpango wote umekufa bila mtu kusema neno.

"Tunataka namba moja ya pamoja"

Ukiambiwa maneno haya, muulize aliyeyasema anataka namba hiyo ifanye nini. Ndani ya ombi hilo mna mambo matatu yasiyofanana, na fundi akikosea kuchagua, watu wataulaumu mtambo miaka yote.

La kwanza, ambalo ndilo wengi wanalolihitaji, ni kundi: namba moja inayoliza simu kadhaa, kila simu ikibaki na namba yake. Ingia menyu ya Ring Groups, tengeneza 601, ipe jina Nyaraka, orodhesha 211, 212 na 213. Utaulizwa zilie vipi. Zikilia zote kwa pamoja, anayewahi anapokea. Kwa watu watatu waliokaa chumba kimoja, huo ndio utaratibu mzuri. Kundi likiwa kubwa, mtindo huo unaharibika, maana kila mtu hudhani mwenzake atapokea. Hapo afadhali zilie kwa zamu, moja baada ya nyingine. Weka sekunde 20, na usiache pa kwenda pakiwa ni kukata simu. Isipopokewa, irudi mapokezi.

Kuna kisanduku kidogo katika ukurasa huohuo ambacho watu hukiruka, cha kuweka neno mbele ya jina la mpigaji. Andika "NYARAKA:" pale, na "UHASIBU:" kwenye kundi la wahasibu. Karani wa nyaraka akimsaidia mhasibu kupokea simu za kundi lake, kioo kitamwonyesha mteja huyu anatafuta idara gani kabla hajafungua mdomo, naye atasema "uhasibu, karibu" badala ya "haloo" tupu.

Watu wa bandarini hawakai mezani, kwa hiyo kundi lao litahitaji namba za simu za mkononi. FreePBX inakubali: andika namba kama unavyoipiga, umalizie na alama ya reli. Hapa kuna mtego. Simu ya mkononi ikiwa imezimwa na mtandao ukaipeleka kwenye ujumbe wa sauti, mtambo wako unaamini mtu amepokea. Unanyamazisha simu nyingine zote, na mteja anajikuta akizungumza na mashine. Washa Confirm Calls. Atakayepokea kwenye simu ya mkononi ataambiwa abonyeze 1 ndipo aunganishwe. Mashine haibonyezi kitu, na simu za mezani zitaendelea kulia. Mweleze mkurugenzi pia kwamba safari ya pili ya simu hiyo, kutoka ofisini hadi mkononi, inalipiwa na ofisi.

La pili ni namba moja iliyowekwa kwenye simu mbili. Mkurugenzi anataka 240 ilie mezani na pia kwenye programu ya simu iliyo ndani ya kompyuta yake ya mkononi. Hili ni ombi halali, kwa kuwa mtu ni mmoja. Ila ukiweka nywila ileile kwenye vifaa viwili bila kubadilisha kitu kingine, utaona ajabu: asubuhi simu inalia mezani, baada ya muda inalia kwenye kompyuta tu, halafu inarudi mezani. Si mzuka. Mtambo umeruhusiwa kukumbuka kifaa kimoja tu kwa kila namba, na kila kifaa kinapojisajili upya kinamfukuza mwenzake, kama watu wawili wanaogombea kiti kimoja. Fungua namba 240, nenda sehemu ya mipangilio ya ndani zaidi, tafuta Max Contacts, na badala ya 1 weka 2, au 3 kama kuna kifaa cha tatu.

Njia hii usiitumie kwa watu wawili tofauti. Wahasibu wakipewa 221 kwa pamoja, kumbukumbu za mtambo zitaonyesha "221 ilipokea" na hutajua ni nani aliyemwahidi mteja kwamba malipo yake yameonekana. Hawataweza kupigiana wenyewe kwa wenyewe. Na simu aliyoisubirisha mmoja, mwenzake hawezi kuichukua. Mpe kila mtu namba yake, kisha uwaweke kundi moja. Namba za ndani hazina bei katika mtambo huu, hakuna cha kubania.

La tatu ndilo linalozua manung'uniko mengi, na kisa chake ni mazoea. Ofisi nyingi zimekulia kwenye mitambo midogo ya zamani. Panasonic KX-TES824, kwa mfano, ilianza na laini 3 za nje na namba 8 za ndani, ikaweza kupanuliwa hadi laini 8 na namba 24. Kwenye simu zake za mezani kila laini ya nje ilikuwa na kitufe chake. Mtu wa mapokezi anasubirisha, anapaza sauti, "Bosi, laini ya pili!", na bosi anabonyeza kitufe cha pili kinachomweka. Hakuna kuhamisha simu wala kukariri namba. Anayehamia Asterisk anautafuta utaratibu huo na hauoni, anahisi amerudishwa nyuma.

Asterisk ina namna ya kuiga laini za pamoja, lakini unaiandika kwa mkono kwenye faili la sla.conf, na FreePBX haina ukurasa wake. Ushauri wangu ni kuachana nayo. Kuna njia inayofikisha palepale, imara zaidi, na karani ataielewa baada ya kuifanya mara chache tu: kuegesha simu.

Maegesho

Fungua menyu ya Parking. Utakuta 70 imeshawekwa kama mlango wa maegesho, na nafasi zenyewe zinaanzia 71. Ndiyo sababu tuliziacha za sabini na kitu. Mtu wa mapokezi akiwa na mteja, anabonyeza kitufe cha kuhamisha, anapiga 70, anasikia sauti ikimtajia nafasi, tuseme 71, kisha anabonyeza kuhamisha tena. Mteja anasikia muziki. Sasa mtu yeyote, kwenye meza yoyote, akipiga 71 anaongea na mteja huyo.

Weka kitufe cha 71 na cha 72 kwenye kila simu ya ofisi, vyote viwe na taa. Simu ikiegeshwa, taa inawaka kila mahali. Ikichukuliwa, inazimika kila mahali. "Bosi, laini ya pili!" inageuka kuwa "Bosi, sabini na mbili!", na mzee anabonyeza kitufe kinachowaka kama alivyozoea. Nafasi mbili zinatosha watu tisa. Ukiweka nane, vitufe vya maana vitakosa pa kukaa.

Muda wa kuegesha uuangalie. Uliowekwa ukiisha, simu inamrudia aliyeiegesha, na hiyo ni hisani kwa mteja aliyesahauliwa. Sekunde 90 ni za haki kwa ofisi ambayo mtu anaweza kuwa ghalani nyuma. Zikizidi hapo, mteja keshakata.

Taa lazima iseme kweli

Kitufe chenye taa inayoonyesha hali ya simu nyingine huitwa BLF kwenye kurasa za simu. Kwa simu za Yealink na Grandstream, rangi za kawaida ni hizi: kijani, mwenyewe yupo huru, nyekundu iliyotulia, anaongea, nyekundu inayomweka, simu yake inalia. Kitufe hichohicho kina kazi tatu kufuatana na taa. Ikiwa kijani, kukibonyeza ni kumpigia. Ukiwa kwenye mazungumzo, ni njia ya mkato ya kumhamishia mteja. Ikimweka, ni kuidaka simu inayolia kwake.

Kukiweka ni rahisi. Fungua kivinjari, andika anwani ya IP ya simu yenyewe, ingia sehemu ya vitufe, chagua aina BLF, andika 211, weka jina. Kazi ya kudaka inahitaji pia msimbo. Kwenye FreePBX msimbo ni nyota mbili zikifuatiwa na namba, yaani **211. Simu nyingine zinataka uandike nyota mbili tu, nyingine zinataka msimbo mzima, kwa hiyo usikisie: liza 211, bonyeza kitufe kinachomweka, tazama kioo. Kikionyesha **211 umepatia. Kikionyesha nyota peke yake, au namba imejirudia, rekebisha.

Sasa elewa kinachotokea nyuma ya taa, maana hapo ndipo utakapokwama siku moja. Mtambo hautangazi hali ya kila mtu kwa kila mtu. Simu yako ndiyo inayoomba: "nijulishe habari za 211". Mtambo unaandika jina lake kwenye orodha ya wanaotazama, na kila hali ya 211 inapobadilika unampelekea taarifa. Taa ikikataa kuwaka, ingia kwenye mtambo, fungua Asterisk kwa amri ya asterisk -rvvv, halafu andika core show hints. Utaona mistari ya namna hii, nikiifupisha:

211@ext-local : PJSIP/211 State:Idle Watchers 2

State ni hali ya 211, na Watchers ni idadi ya wanaoitazama. Ukikuta Watchers 0 wakati umeweka kitufe mapokezi, basi simu ya mapokezi haijaomba. Tatizo liko kwenye simu hiyo, kagua namba uliyoandika na uiwashe upya. Ukikuta State:Unavailable, simu ya mapokezi haina kosa. Ni 211 yenyewe ambayo haijajisajili: pengine waya wa mtandao umechomoka. Mstari huu mmoja unakuokoa kuzunguka meza tisa ukibahatisha.

Kuna taa inayodanganya bila kuharibika, nayo inakera kuliko iliyokufa. Mhasibu anafunga hesabu za mwezi, hataki usumbufu, anabonyeza kitufe cha "usinisumbue" kilichokuja na simu. Simu yake inakataa kila anayepiga, lakini mtambo haujaambiwa kitu, kwa hiyo mapokezi wanaona kijani na kumhamishia mteja kwenye ukuta. Dawa ni kuutumia msimbo wa mtambo, *76, ambao unawasha na kuzima hali hiyo kwa upande wa mtambo, na taa za wengine zinageuka nyekundu papo hapo. Ondoa kazi ya kitufe cha kiwandani na mahali pake weka kitufe kinachopiga *76. Fanya hivi kwenye simu zote kabla hujamfundisha mtu yeyote.

Kuhusu mpangilio, nina msimamo mmoja mkali: vitufe vya pamoja vikae mahali palepale kwenye kila simu. Kama 71 ni kitufe cha mwisho upande wa kushoto mapokezi, kiwe cha mwisho upande wa kushoto hata kwa mkurugenzi. Mtu wa mapokezi akiugua na karani akamshikia zamu, vidole vyake vitajua pa kwenda. Majina ya vitufe yawe ya kazi, "Nyaraka 1", "Bandari 2", kwa kuwa watu huhama na kitufe kinabaki.

Si kila mtu aone kila taa. Taa inasema nani yuko kwenye simu na kwa muda gani, na hilo ni jambo la mtu. Mapokezi wanahitaji taa za wote. Makarani wanahitaji za wenzao wa idara, mapokezi na maegesho. Taa ya mkurugenzi iwe mapokezi tu, na kwa katibu muhtasi kama yupo. Jaribu pia kama karani yeyote anaweza kudaka simu ya mkurugenzi kwa **240. Ikiwezekana, mkurugenzi aambiwe, aamue mwenyewe kama anaridhika.

Kitufe cha usiku

Unaweza kuufundisha mtambo saa za kazi, ukajifungia wenyewe saa 11 jioni. Lakini ofisi za pwani zina Ijumaa ya sala, zina Ramadhani ambapo watu hutoka mapema, na zina siku meli imefika na hakuna anayekwenda nyumbani. Ninapendelea kitufe. Katika Call Flow Control tengeneza swichi namba 0; mchana ipeleke simu mapokezi, usiku ipeleke kwenye ujumbe uliorekodiwa kwa Kiswahili safi unaotaja saa za kazi. Msimbo wake unakuwa *280. Uweke kama BLF kwenye simu ya mapokezi na ya mlinzi: kijani ni mchana, nyekundu ni usiku. Wa mwisho kutoka anabonyeza. Akisahau, mlinzi anaona kijani saa mbili usiku na kubonyeza yeye.

Kabla ya kuwakabidhi

Umeme: kifaa cha kuhifadhi umeme kikiulinda mtambo peke yake hakisaidii kitu, maana simu zote zitazimika. Nunua swichi ya mtandao inayopeleka umeme kwenye simu kupitia waya uleule, kisha swichi, ruta na mtambo vyote vikae nyuma ya kifaa kimoja.

Nywila: kila namba iachiwe nywila ndefu iliyotungwa na mtambo. Namba 211 yenye nywila 211 ni mlango wazi, na wezi wa simu huingia usiku wakapiga nchi za mbali kwa gharama yako. Mlango wa 5060 usiufungue kwa intaneti nzima.

Jaribio linahitaji watu wawili, mmoja nje na simu ya mkononi, wewe ukitembea mezani. Apige, usipokee mapokezi, uhesabu sekunde mpaka kundi lilie. Udake kutoka meza ya pembeni. Uegeshe, uchukue kwa mkurugenzi. Uegeshe tena, uiache mpaka irudi. Mtu wa bandarini azime simu yake ya mkononi, na mpigaji arudie. Chomoa waya wa 211 uone mapokezi wanaonyeshwa nini. Ukimaliza, pakua nakala ya mipangilio yote na uiweke nje ya mtambo.

Kisha chapisha kadi ndogo, moja kwa kila meza, uibandike chini ya mkono wa simu:

Kudaka: bonyeza taa inayomweka, au ** na namba.
Kuegesha: hamisha, 70, sikiliza nafasi, hamisha.
Kuchukua: bonyeza 71 au 72 inayowaka.
Usinisumbue: *76. Kuondoa: *76 tena.
Mapokezi: 200. Polisi: 112. Zimamoto: 114.